Kimeng'enya Ndani ya Friji ya Soda

Siku ya kuniaga, mkurugenzi wa hospitali alinisifu kwa moyo wote kwa miaka niliyojitolea kuhudumia wagonjwa wa figo. Sijawahi kumhudumia mgonjwa wa figo. Mimi nilikuwa mtaalamu wa fiziotherapia ya vifua, mtu wa kugonga migongo na kutazama makohozi. Lakini ukumbi mzima ulipiga makofi, nami nikainuka nikashukuru kwa niaba ya figo zote za Johannesburg.

Baadaye vijana wa idara waliniomba niandike kumbukumbu zangu za kazini. Nadhani walitumaini kwamba nikiwa na kalamu mkononi sitarudi wodini Jumatatu kuwakosoa. Nimekubali. Kuhusu vyeo sitasema lolote, kwa sababu vyenyewe havikuwahi kunisumbua kwa kunijia. Mshahara nao tuuache upumzike. Nitaandika kuhusu makohozi, na kuhusu kimeng'enya kimoja kilichonifundisha kazi kuliko vyeti vyangu vyote. Mwenye kinyaa arudi kwenye simu yake sasa hivi.

Nilifika Johannesburg kutoka Bungoma nikiwa na koti jepesi na imani kwamba kazi naijua. Baridi ya Juni ilimaliza habari ya koti. Habari ya imani ilimalizwa na Elsabé.

Elsabé alikuwa mkuu wa fiziotherapia wa wodi za vifua, mama Mzungu wa hapahapa, mwenye mabega mapana na lugha mbili, moja ya kuongea na moja ya kutukana. Alivuta sigara chini ya bango la kukataza sigara, kisha akaingia wodini akinuka moshi kuwafundisha watu namna ya kutunza mapafu. Nilipothubutu kumuuliza, alisema mapafu yake hayakuwa miongoni mwa wagonjwa wake.

Siku yangu ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi. Alikaa kwenye kiti kinyumenyume, akanipa mgongo, akasema, "Gonga."

Nikagonga.

"Unagonga kama mtu anayebisha hodi kwa jirani asiyempenda," alisema. "Kunja kiganja. Shika hewa kama unavyoshika maji. Hewa ndiyo inayogonga, wewe unaisindikiza tu."

Aliniweka kwenye mgongo wake mpaka mikono ikaniuma. Kisha akanipeleka kwa mzee mmoja aliyewahi kuchimba migodi, akamlaza ubavu, akanionyesha jinsi ya kutandika taulo, wapi pa kugonga na wapi pa kuheshimu, na jinsi ya kutetemesha mbavu mtu anapotoa pumzi. Mzee alipokohoa, Elsabé alichukua kikombe cha plastiki, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua asali.

"Madaktari wana picha zao," alisema. "Wewe tazama kikombe. Rangi, uzito, na kama yanavutika. Yakivutika kama uzi, jua una kazi."

Hivyo ndivyo vilivyokuwa vifaa vyangu: taulo, mto wa sponji, kikombe, na nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu mtu akauvuta. Nyinyi leo mna fulana zinazotetemeka zenyewe. Hongereni. Umeme ukikatika mnanipigia simu.

Hospitali nayo haikuchelewa kugundua kipaji changu cha pili. Kwa kuwa nilitoka "huko juu", niliteuliwa kuwa mkalimani wa kila Mkongomani, Mrundi na Mtanzania aliyeingia getini, bila barua wala shukrani. Siku moja waliniita nimtafsirie Mhabeshi. Nilipowaeleza kwamba sijui neno hata moja la kwao, muuguzi alinitazama kama anayemtazama mtu mvivu.

Ukalimani huohuo ndio ulionikutanisha na Plamedi.

Alikuwa mtoto wa miaka sita, vidole vyake vimevimba nchani kama vijiti vya kupigia ngoma, na alikohoa hivi kwamba kitanda kilisogea. Wazazi wake walikuwa watu wa Lubumbashi. Mama alisuka nywele katika saluni moja ya Troyeville, na baba alilinda jengo la ofisi. Jina la mtoto ni mkato wa maneno ya Kifaransa yenye maana ya mpango wa ajabu wa Mungu. Faili la hospitali, ambalo halikuwa na muda wa mipango ya Mungu, lilimwita Pamela D.

Faili hilo pia lilieleza kwamba alikuwa ametibiwa kifua kikuu mara mbili. Mara zote mbili vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana, jambo ambalo halikumzuia mtu yeyote kuvitibu.

Nilimkuta mama yake amekaa kando ya kitanda, mkoba mapajani, amechoka kuongea na watu wasiomwelewa. Nilipomsalimu kwa Kiswahili aliinuka.

"Papa, unasikia Kiswahili? Aksanti Mungu. Miye nilishaambia ba docteur bote. Huyu mutoto eko na chumvi."

"Chumvi vipi, Mama?"

"Ku ngozi. Nikimubusu ku uso, kinywa yangu inajaa chumvi. Jua ikiwaka, inabakia kama bunga, hapa." Alipitisha kidole kwenye paji la uso la mtoto.

"Na walikuambia nini?"

"Banasema nimuoshe muzuri."

Nilitoka kumtafuta Dokta Mokoena, daktari kijana aliyekuwa katika miezi yake ya kwanza kwenye wodi ya watoto. Alikuwa anakula mkate amesimama, kama walavyo madaktari wote wapya. Nilimweleza habari ya chumvi nikitarajia acheke. Mkono wake ulisimama hewani na mkate.

"Anakula vizuri?" aliuliza.

"Mama anasema anakula kumshinda baba yake."

"Na bado yuko vile. Muulize kuhusu choo."

Nikarudi nikauliza. Mama Plamedi aliangalia huku na huku, akanong'ona kwamba choo kina mafuta na kinaelea. Nilipofikisha habari hiyo, Dokta Mokoena aliuweka mkate chini kabisa.

"Eish," alisema. "Ina maana ni CF. Lakini kitabu chetu kilisema huo ni ugonjwa wa watoto wa Kizungu."

"Plamedi hajakisoma," nikamjibu.

Nieleze kwa kifupi. CF, yaani cystic fibrosis, ni ugonjwa wa kurithi. Jasho linakuwa na chumvi kupita kiasi, chakula hakisagiki tumboni, na ute wa mapafuni unakauka na kunata. Kipimo chake ni kutoa jasho mkononi na kupima chumvi iliyomo. Tulipima. Maabara walitupigia simu kusema mashine yao lazima imeharibika, kwa sababu waliona jina la ukoo la mtoto na hawakuamini. Tukapima tena. Mashine, ambayo haikujua mtu ametoka nchi gani, ikarudia jibu lilelile.

Dokta Mokoena alipata dawa za kusaga chakula na za kuua vijidudu bila vita. Vita vilianza kwenye kimeng'enya.

Alinichorea ubaoni, kwa kuwa ni mimi niliyepaswa kumweleza mama. Vijidudu vikiingia kwenye ule ute mkavu, chembe nyeupe za damu huja kupigana. Nyingi hufia humohumo, hupasuka, na DNA yao humwagika. Ile DNA inayosifiwa shuleni kuwa ni maandishi ya uhai, ikimwagika kifuani ni gundi. Ni nyuzi ndefu zisizo na idadi, zimesokotana, na hewa haipiti. Kuna kimeng'enya kinachoitwa DNase ambacho kazi yake ni moja tu: kukata nyuzi za DNA vipandevipande. Miili yetu hukitengeneza, ila kwa kifua kama cha Plamedi ni sawa na kumtuma mfagiaji mmoja asafishe mtaa wote wa Doornfontein Jumamosi jioni. Kiwandani wanakitengeneza kingi, na mtoto anakivuta kwa nebulaiza.

Nikarudi kwa Mama Plamedi.

"Mama, unaijua bamia?"

"Dongodongo?"

"Hiyohiyo. Kifua chake kimejaa ule utelezi wa dongodongo, tena mzito zaidi. Kuna dawa kama mkasi. Anaivuta, inaingia ndani, inakata ule utelezi unakuwa maji, kisha mimi namgonga autoe."

Alinitazama kwa muda. Huyu alikuwa mtu aliyeshika mkasi na kufumua nywele zilizoshikana kila siku ya maisha yake.

"Mukasi ya kuvuta na kinywa?"

"Ndiyo."

"Eh! Papa." Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. "Na itamaliza ugonjwa?"

"Hapana, Mama. Itafungua njia tu. Kila siku itabidi ifungue tena."

Kicheko kikaisha, lakini aliitikia kwa kichwa. Sikumwambia kwamba dawa hiyo hutengenezwa na chembe zilizotolewa zamani kwa mnyama wa jamii ya panya. Kuna ukweli unaoweza kusubiri wiki ya pili. Nilipokuja kumwambia mumewe, aliuliza swali moja tu: "Panya ya mugini ao ya pori?"

Dawa hii hospitali haikuitoa hovyo. Ilipitia kamati. Kamati ilikutana katika chumba pekee chenye kipasha joto kinachofanya kazi, mbele ya sahani ya biskuti, na baada ya kutafakari ilikataa. Sababu ilikuwa "mazingira ya nyumbani yasiyotabirika". Maana yake ni kwamba DNase inataka kukaa kwenye baridi ya friji bila kuganda, mbali na mwanga, na familia ya Plamedi ilipanga chumba kimoja katika fleti ya Doornfontein, ambako friji ya jikoni ilikuwa ya kaya zote na hata maziwa hayakulala humo salama. Juu ya hayo, umeme ulikatwa kwa zamu mji mzima. Kamati iliona ni busara zaidi dawa ikae salama kwenye friji ya bohari, mtoto aendelee kuzama.

"Basi tutafute friji," alisema Dokta Mokoena.

Tulikwenda Jumamosi, mimi na yeye. Nilibeba kipimajoto cha friji nilichokiazima famasi bila kuwasumbua kwa kuwaomba. Chini ya ile fleti palikuwa na spaza, duka dogo la mtaani, la Msomali mmoja, Abdi, na ndani yake friji kubwa ya soda yenye mlango wa kioo. Abdi aliwahi kuishi Eastleigh, na Kiswahili chake kilikwenda mbio kama mtu anayefukuzwa.

"Wewe ni Mkenya? Wa wapi?"

"Bungoma."

"Pole sana. Mnataka nini?"

Nilimweleza kwamba tunatafuta mahali pa kuweka dawa ya mtoto.

"Mtoto gani? Yule wa juu anakohoa kama pikipiki? Huyo mimi namsikia usiku kucha. Lete dawa."

"Inataka baridi isiyopungua wala kuzidi. Na umeme ukikatika?"

Abdi alinitazama kwa huruma. "Bro, mimi nauza soda hapa Joburg. Unafikiri nikiuza soda moto nitaishi?" Alifungua jokofu la nyuma akatuonyesha mabonge ya barafu yaliyopangwa tayari kuhamishwa taa zikizimika.

Tulikiacha kipimajoto rafu ya chini, ndani ya boksi, nyuma ya chupa za tangawizi. Kipimajoto kingine Dokta Mokoena alikiweka kwenye friji ya dawa ya wodi yetu, ambamo kuku wa muuguzi mmoja alikuwa amepata makazi ya kudumu. Baada ya wiki aliipelekea kamati vipimo vyote viwili, pamoja na mstari mmoja: vya wodi vimeambatanishwa kwa kulinganisha tu. Friji ya Abdi haikuyumba. Ya wodi ilipanda na kushuka kama homa. Kamati ilikubali haraka sana, na kwa mara ya kwanza haikuomba maelezo zaidi.

Sasa sikilizeni nyinyi mnaodhani dawa ni kumwaga tu. Kichupa cha DNase hakitikiswi, ni protini ile, ukiisukasuka inaharibika. Dawa ikiwa na ukungu ukungu, irudishe. Usiichanganye na dawa nyingine kwenye kikombe kimoja cha nebulaiza, hata kama una haraka, hata kama zamu imeisha. Mtoto akimaliza kuvuta, muache kwanza. Mkasi unahitaji muda wa kukata. Ukikimbilia kumgonga papo hapo utachosha mkono wako na mgongo wake.

Siku ya kwanza Plamedi alikaa na nebulaiza yake kama malkia, ukungu ukimtoka puani. Alikielewa Kiswahili chote cha mama yake, ila majibu aliyatoa kwa Kiingereza na Kizulu cha uani, na mimi aliniita malume, mjomba. Tukasubiri. Nikamlaza ubavu, nikakunja viganja, nikaanza. Kwa kawaida ningegonga mpaka nisali. Safari hii nilihisi kitu kikisogea chini ya mkono, kama maji kwenye bomba lililokuwa na uchafu. Alikaa, akakohoa, na makohozi yakatoka mengi, mepesi, yakamwagika kikombeni kama mchuzi.

Plamedi alichungulia, akaziba pua.

"Sies, malume!"

Mama yake alikichukua kikombe, akakiangalia kama mtu aliyeletewa zawadi. Kisha akaweka sikio kwenye mgongo wa mtoto, akasikiliza. Sikumtafsiria mtu chochote siku hiyo.

Miaka ilikwenda. Baba alipitia kwa Abdi kila alfajiri akitoka kazini, akachukua kichupa kimoja. Plamedi alianza shule, akarefuka, akajifunza kunisema kwa lugha zake mbili. Elsabé alistaafu, na baadaye akafa kwa mapafu, kama alivyojipangia. Nilikwenda kumgonga mgongo nyumbani kwake wiki zake za mwisho. "Bado unabisha hodi," aliniambia, na nikajua kwamba bado yuko mzima kichwani.

Kisha ikaja wiki moja ya fujo mjini, mojawapo ya zile ambazo watu wenye hasira na kila kitu huamua kuvunja maduka ya wageni. Walivunja ya Abdi mchana kweupe. Walichukua mchele, wakachukua sabuni, na mwishowe wakaibeba friji yenyewe na kila kilichokuwamo. Kuna mtu mahali fulani Johannesburg aliyejipatia bure soda baridi na kimeng'enya cha kukata DNA. Natumaini kilimsaidia.

Abdi alinipigia simu akiwa amejificha kwa ndugu yake mtaa wa Mayfair. Alikuwa amepoteza duka zima. Niliposikia sauti yake nilianza kumpa pole, akanikatiza.

"Ndugu, dawa ya mtoto ilikuwa ndani. Nimeshindwa kuitoa. Nisamehe."

Mpaka leo sijui jibu la kumpa mtu anayeomba msamaha siku aliyoporwa.

Tuliiomba kamati itoe dawa nyingine. Kamati ilijibu kwamba dawa iliyopotea hufidiwa kwa ripoti ya polisi. Baba alikwenda kituoni. Afisa alimwomba kwanza karatasi zake za ukimbizi, akazisoma mbele na nyuma, akamwambia arudi wiki ijayo kwa kuwa wana kazi nyingi za fujo. Baba alimweleza kwamba na yeye amekuja kwa ajili ya fujo hizohizo. Haikusaidia.

Plamedi alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kabla wiki haijaisha alilazwa, oksijeni puani, midomo imebadilika rangi. Nilimpa maji ya chumvi kwa nebulaiza, nikamgonga asubuhi, mchana na jioni. Alikohoa mpaka akalia, na kilichotoka hakikuwa hata kijiko. Safari hii hakunitania. Aliniangalia tu, macho makubwa, anahesabu pumzi zake. Mama yake alikuwa pembeni akimshikilia mguu juu ya blanketi, kama mtu anayezuia kitu kisipeperuke.

"Papa," aliniambia taratibu, "ule mukasi uko hapa hapa ku hospitali?"

"Uko, Mama. Ghorofa ya chini."

"Na mutoto eko ghorofa gani?"

Nilitoka nje, nikamkuta Dokta Mokoena koridoni. Wakati huo alishakuwa daktari bingwa, lakini bado alikula amesimama. Nilimrudia maswali ya mama neno kwa neno. Aliacha kutafuna.

"Kamati inakutana lini?"

"Wako ndani sasa hivi."

"Kikombe chake cha makohozi kiko wapi?"

"Kitandani."

"Kilete."

Aliingia bila kubisha, mimi nyuma yake. Mwenyekiti, mzee mmoja mtanashati, aliinua miwani. "Dokta, tuko kwenye ajenda ya kwanza."

"Sitakaa," alisema Dokta Mokoena. Alikifunua kikombe, akakinyoosha juu ya meza, juu ya sahani ya biskuti, akakipindua chini juu.

Mama mmoja alipiga kelele. Wengine walirudisha viti nyuma. Hakuna kilichomwagika. Yale makohozi yalining'inia ndani ya kikombe kama gundi ya fundi, hayakudondosha hata tone, na yeye aliendelea kukishikilia.

"Hiki ndicho kilicho ndani ya msichana wa miaka kumi na mmoja, wodi ya tano," alisema. "Anatakiwa apumue kupitia hapa huku akingoja polisi."

Mjumbe mmoja aliivuta sahani ya biskuti pembeni, polepole.

"Dokta, tafadhali geuza hicho kitu," alisema mwenyekiti.

"Nimeshakigeuza, Profesa. Ndiyo shida yenyewe."

Dokta Mokoena angeweza kupoteza kazi kwa jambo lile. Mwenyekiti alitazama kikombe, akamtazama yeye, akavuta karatasi akatia saini. Kwa haki yake niseme kwamba mkono wake ulikwenda haraka, na alipomaliza aliuliza jina la mtoto.

"Plamedi," nilisema. "Si Pamela."

Akalisahihisha.

Mkutano uliofuata, kamati ilipitisha azimio la kupiga marufuku sampuli za aina yoyote katika chumba cha mikutano. Ni azimio lao pekee ninalolikumbuka likitekelezwa siku hiyohiyo.

Dawa ilipanda na lifti mchana ule. Haikufanya muujiza. Siku ya kwanza makohozi yalilegea kidogo, siku ya pili zaidi, siku ya tatu Plamedi alinitukana kwa Kizulu nilipomwamsha, nikaenda chooni nikafuta macho. Oksijeni ilitolewa, akarudi nyumbani. Lakini sehemu ya chini ya pafu lake la kulia haikufunguka tena. Nimegonga hapo kwa miaka, na mlio ni uleule wa ukuta. Nawaambia ili msije mkadhani hadithi za wodini huisha kwa kila kitu kurudi mahali pake.

Abdi alifungua tena baada ya miezi. Alinunua friji nyingine, akanipigia simu nipeleke kipimajoto kabla hajapanga soda.

Plamedi sasa ana miaka kumi na saba, na kwa mujibu wa vipimo anapumua nusu ya anavyopumua mwenzake wa rika lake, ingawa anaongea mara mbili yake. Muhula huu shule yao ilipanga safari ya kwenda Durban. Mama yake alikataa. Baba alikataa. Dokta Mokoena alisema ni uamuzi wa familia, maana yake alikuwa anaogopa. Plamedi akaja kwangu, na Kiingereza chake kama kawaida.

"Malume, niambie ukweli. Nikibaki nyumbani nitaishi sana?"

"Sijui."

"Ninyi watu wa hospitali, kila kitu hamjui."

"Tunajua vichache. Hicho hatukijui."

"Basi nataka kuiona bahari wakati ninajua nitaweza kutembea mpaka pale."

Nilifanya kazi yangu. Nilimtafutia boksi la barafu. Nilimwonyesha kufunga vichupa kwa taulo visigusane na barafu yenyewe, kwa sababu DNase ikiganda ni ya kutupa. Nilimwandikia mwalimu wake maelekezo, nikazungumza na mama yake kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuzungumza naye, na mwisho mama alisema, "Aende. Lakini Papa, akirudi ataanzia kwako mbele ya kufika nyumbani."

Alirudi wiki yangu ya mwisho kazini. Alinijia moja kwa moja kutoka kwenye basi, kama mama alivyoagiza, pua imechubuka kwa jua, mchanga kwenye viatu, akikohoa hadi watu wa mapokezi wakageuka. Nilifungua boksi. Vichupa viwili vilikuwa humo bado, havijaguswa. Nikamwuliza kulikoni. Akasema siku mbili hizo walikuwa ufukweni tangu asubuhi mpaka jioni, na mashine ilibaki bwenini.

Nilimgombeza kama kazi inavyotaka. Nilimweleza habari za nyuzi na gundi, habari anazozijua kunishinda. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si desturi yake.

"Umemaliza, malume?"

"Nimemaliza." Nikawasha nebulaiza, nikampa mdomo wa bomba. "Ilikuwaje huko?"

Aliutoa mdomoni ili anijibu, ukungu wa dawa ukapotea hewani, na mimi nikauacha upotee.

"Tamu," alisema. Ndilo neno la kwanza la Kiswahili alilowahi kunijibu. "Tamu sana."

Kisha akairudisha dawa mdomoni akaivuta mpaka ikaisha. Tukasubiri muda wake. Akajilaza ubavu wa kushoto bila kuambiwa, nami nikatandika taulo, nikakunja viganja, nikaanza kazi.